Dume la Uani

Laurinda alikanyaga kitu cha duara, mguu ukateleza, akajishikiza kwenye mti asianguke. Mwanamke mwenye mimba ya miezi saba hatelezi ovyo. Alisimama kwanza, akajipapasa tumbo, akasikia mtoto amejigeuza kwa hasira na kutulia, ndipo akainama kukitazama kile kilichotaka kumwangusha. Ilikuwa ng'ongo. Ya kijani, ngumu, kubwa kama yai la kanga, na kikonyo chake bado kinatoa utomvu.

Kuona ng'ongo mwezi wa Januari si habari. Huku Mandlakazi mwezi huo hata mbuzi wananuka ng'ongo. Habari ni mahali ilipoangukia. Mng'ongo wa nyumba hii, ule mkubwa wa marehemu baba mkwe wake, Babu Fabiani, uko mbele karibu na lango, na ng'ongo haina miguu ya kuzunguka nyumba. Laurinda alikuwa uani, nyuma ya jiko, chini ya mti ambao watu wote wa nyumba hiyo na nusu ya kijiji waliuita Dume.

Akatazama juu. Mwanzoni hakuona kitu ila majani. Halafu akaona moja, akaona tatu, kisha kwenye ncha ya tawi la upande wa machweo akaona kichala kizima kimening'inia bila haya.

"Dume limezaa," alisema kwa sauti ndogo, na kicheko kikamtoka kabla hajajua kama jambo lenyewe ni la kucheka.

Halikuwa la kucheka. Ming'ongo iko ya aina mbili, inayozaa na isiyozaa, na kila mtu anajua kazi ya kila mmoja. Mke akitaka binti anachemshiwa gome la mti jike. Akitaka mvulana anachemshiwa la dume. Hilo huku halina mjadala, kama kusivyo na mjadala kwamba gome hilohilo likichemshwa mpaka likawa jekundu linafunga tumbo la kuhara, na kwamba jani likitafunwa linazima kiungulia. Na mwenye panga la magome katika kijiji hicho alikuwa mama mkwe wake, Felismina binti Chauke, ambaye watu walimfuata kutoka hata ng'ambo ya mto.

Dume la kweli la nyumba hiyo lilikuwa kule zizini. Mume wa Laurinda, Zefania, alilikata mwaka aliooa, akisema mti usiozaa unakula ardhi bure. Likatoka kinu, likatoka viti viwili, na hori la kunyweshea ng'ombe. Walipokuja kulihitaji, baada ya Gilda kuzaliwa na watu kuanza kusema sasa tunataka mvulana, binti Chauke alizunguka ua mzima na panga lake mkononi, akasimama mbele ya mti huu uliojiotea mahali wanawake wanapopasulia kokwa. Ulikuwa na miaka saba au minane na haujawahi kudondosha hata tunda la kusingiziwa. Akaupiga kofi kama mtu anayenunua fahali. "Hili ni dume," akasema, na tangu siku hiyo likawa Dume kwa jina na kwa cheo.

Laurinda akanywa, akazaa Telma. Akanywa tena, akazaa Nyeleti.

"Gome linasema mvulana, tumbo lako linasema msichana," mama mkwe alimwambia mara ya pili, kitoto kikiwa bado kina ute. "Tumbo gani hili lisilosikia la mkubwa?"

Wazee husema mtoto aliyekuja kinyume cha gome ni mtoto mzito, ameshindana na waliotangulia akawashinda, na hupewa heshima yake. Lakini kumbe heshima hiyo inasubiri mvulana. Wasichana wa nyumba hiyo waliitwa wageni, kwa sababu msichana ni wa kuolewa na kuondoka. "Wageni wameshakula?" binti Chauke aliuliza kila jioni, bila ubaya wowote, kama mtu anavyouliza kama kuku wamefungiwa. Na Laurinda alipoomba, kama ilivyo desturi, mmoja wao apewe jina la bibi yake, aliambiwa, "Jina langu halitembei. Mgeni ataondoka nalo."

Sasa kulikuwa na hii mimba ya nne, na kulikuwa na neno la Shangazi Ntavasi, dada wa marehemu baba mkwe, mwanamke mwenye kauli katika kila ndoa ya ukoo huo wa akina Sitoe. Shangazi alikuja Krismasi na keki na akaondoka ameacha neno. Kuna binti kule Chibuto, alisema, nyumba yao ina kaka sita. Laurinda akizaa mvulana, vizuri. Asipozaa, yule wa Chibuto ataletwa, na ile nyumba ya matofali yenye vyumba viwili, aliyoijenga Zefania kwa miaka minne ya likizo zake, ataingia mwenye mrithi. Laurinda na watoto wake watarudi kwenye kile kibanda cha udongo. Au kwao, akipenda.

Laurinda alimpigia mumewe huko Joni, ng'ambo ya mpaka, alikokuwa akifanya kazi ya ujenzi.

"Ni kweli umesema hivyo?"

"Nimesema fanyeni mtakavyoona."

"Na wewe unaonaje?"

"Mimi niko mbali, Laurinda. Mtu aliye mbali anaonaje?"

Ndiyo maana asubuhi hiyo, na ng'ongo mkononi, kicheko chake hakikufika mbali. Alipiga hesabu upesi. Kama Dume ni jike, basi miezi yote hii amekunywa dawa ya msichana, na Shangazi hatangoja hata uchungu. Akazikusanya zote zilizodondoka, saba, akazifukia kwenye jivu la jikoni, akaendelea kufagia.

* * *

Siku ya pili alizifukia kumi na mbili. Siku ya tatu aliamka mapema zaidi, akafika uani, akakuta pameshafagiwa.

Alisimama akatazama ile mistari ya ufagio mchangani. Gilda alikuwa bado amelala. Mama mkwe ana magoti mabovu na hajagusa ufagio tangu Laurinda aolewe nyumba hiyo. Akafikiri labda ni upepo, ingawa upepo haufagii kwa mistari.

Kesho yake alitoka kabla jogoo wa jirani hajamaliza kuwika. Chini ya Dume alimkuta binti Chauke amepiga magoti, yale mabovu, kapulana, kitambaa alichojifunga kiunoni, imekunjwa mbele kama mfuko, mkono mmoja ukipapasa mchanga.

"Umeamkaje, mama?"

Bibi alishtuka lakini hakugeuka. "Nimeamka."

"Unatafuta nini?"

"Sindano. Ilinidondoka jana."

"Kwenye mchanga wote huu?"

"Iliyodondoka hutafutwa ilipodondokea." Akajaribu kuinuka, goti likakataa, akajishikilia kwenye shina, na mkono ulioshika kapulana ukalegea. Ng'ongo zikabingirika mpaka miguuni kwa Laurinda.

Laurinda aliokota moja, akaipangusa. "Hii sindano imekaribia kuiva," akasema.

Laurinda alimpa mkono, akamwinua, akamkalisha kwenye kiti kile cha mti wa dume la kweli. Bibi akafunga kapulana yake vizuri, akawa kama mtu aliyejikusanya yeye mwenyewe.

"Umejua tangu lini?"

"Jumatatu."

"Mimi Jumapili. Moja iliniangukia kichwani nikienda chooni." Akapangusa mchanga magotini. "Zako ulizipeleka wapi?"

"Kwenye jivu."

"Mimi nawapa mbuzi wa shemasi. Wameshaninenepea." Halafu sauti ikawa ile anayotumia kwa wagonjwa. "Sikiliza, mama Gilda. Hili halitoki kwenye ua huu. Mke wa mwalimu amekunywa gome hili. Mke wa shemasi amekunywa. Wakisikia sijui dume na jike, nani atakunywa tena hata la tumbo? Watasema siku moja nitawachemshia mti wa sumu."

"Na mimi, mama? Miaka sita unaniambia tumbo langu halisikii."

Binti Chauke alitazama pembeni, kwenye ukuta wa jiko, kama vile jibu limeandikwa hapo.

"Wewe ukisema," akasema hatimaye, "Shangazi atasema huyo aliyemo ni msichana, kesho yake yule wa Chibuto yuko langoni na masanduku. Hufaidiki. Mimi nikisema nachekwa. Sifaidiki. Tunyamaze."

Ilikuwa kweli tupu, na hiyo ndiyo iliyomuudhi Laurinda. Katika miaka kumi ya ndoa hiyo ndiyo mara ya kwanza yeye na mama mkwe wake kuafikiana jambo bila mtu wa tatu.

"Na dawa?" akauliza.

"Utaendelea kunywa."

"Hata kama ni ya jike?"

"Watu wasipoona moshi asubuhi watauliza."

Kwa hiyo waligawana ua. Bibi akaokota upande wa mawio kwa kukaa kwenye kiti na kukisogezasogeza, mkwe akaokota upande wa machweo. Na kila asubuhi, baada ya kuficha matunda, binti Chauke alichonga gome la mti uleule, akalichemsha, akampa mkwewe kikombe kilichojaa, na mkwewe akanywa mpaka tone la mwisho huku wote wawili wakitazama mahali pengine. Ni dawa chungu. Inakausha ulimi mpaka maneno yanatoka kwa kukwaruza.

* * *

Ingewezekana mambo yakaenda hivyo hadi kujifungua, kama Shangazi Ntavasi asingekuja na kipimo cha fundi cherehani.

Alikuja Jumanne, siku nne kabla ya ukanyi wa nyumba kufunguliwa. Ukanyi, pombe ya ng'ongo, huku hauuzwi. Ukiwa na mti unakamua, unachachusha, unaita watu, na asiyeita watu hujulikana ni mtu wa namna gani. Laurinda na binti zake walikuwa wamekaa chini ya mti wa Babu Fabiani, wanatoboa ng'ongo na kukamulia kwenye mtungi mkubwa. Shangazi aliwasalimia vizuri tu, akaingia kwenye nyumba ya matofali bila kubisha hodi. Wakamsikia anavuta kiti.

Laurinda alimfuata. Alimkuta amesimama juu ya kiti, anapima dirisha la chumba cha kulala.

"Mita moja na nusu," Shangazi alisema. "Shika hapo chini, mwanangu, nisije nikakosea."

Laurinda akashika. Ni vigumu kueleza kwa nini mtu hushika. Mikono ilikuwa imezoea.

"Mapazia ya nini, shangazi?"

"Yule binti anapenda ya bluu. Ameniambia."

"Mimi sijajifungua bado."

"Ndiyo, ndiyo. Ukipata mvulana, mapazia yatakuwa yako. Kitambaa hakiozi." Akashuka, akakunja kipimo, akamshika shavu kwa upole. "Usinikasirikie. Mimi najenga nyumba ya kaka yangu. Nyumba haijengwi kwa wageni."

Alisema hayo mlangoni, na Telma, mwenye miaka sita, alikuwa hapohapo na bakuli la maganda kichwani. Alimsindikiza Shangazi kwa macho mpaka langoni. Halafu akarudi kwa mama yake na swali alilolisema kwa adabu kabisa, kama anauliza siku ya kufunguliwa shule.

"Mama, wageni tutaondoka lini?"

Laurinda alimtua bakuli, akamfuta utomvu shingoni, akamfuta tena mahali palipokuwa safi. Akaona jambo moja waziwazi, nalo lilimfanya atulie badala ya kulia: kitambaa kimeshapimwa. Anaficha ng'ongo za nini, na anamficha nani.

Jioni hiyo zile za upande wa machweo hakuzipeleka jivuni. Zilizokwisha kuwa njano alizikamulia kwenye chungu kidogo, akakifunika kwa sahani na kitambaa, akakiweka chini ya kitanda chake katika nyumba ya matofali. Siku ya pili chungu kilianza kunong'ona. Siku ya tatu chumba kizima kilinuka. Binti Chauke alipita dirishani mara mbili, akasimama, pua juu, akaenda zake.

* * *

Jumamosi watu walijaa. Wanaume kwenye viti, wanawake kwenye mikeka, mwenyekiti wa mtaa, Mzee Mbalati, kwenye kiti chenye egemeo. Binti Chauke alimimina wa kwanza kwenye mizizi ya mng'ongo wa Babu Fabiani, akawataja waliolala kwa majina, akawaomba mvua na uzima, na mtoto aliye njiani hakumtaja. Kisha kata zikaanza kuzunguka.

Kuna ustaarabu wake. Anayemimina hutaja mti, na anayepokea hurudia, ndipo anakunywa. "Wa Babu Fabiani." "Wa Babu Fabiani." Kila mti una ladha yake, na ukanyi usio na jina la mti wazee hawaugusi, kwa sababu hujui umekunywa kwa nani na utamshukuru nani. Huu wa Babu Fabiani ulikuwa mkali, unakamata nyuma ya masikio. Baada ya raundi ya tatu Mzee Mbalati alianza kusimulia habari ya nyati ambayo kila mtu aliijua, na watu wakacheka mahali palepale wanapocheka kila mwaka.

Hapo Shangazi Ntavasi akasimama, akajifunga kapulana upya.

"Akina Sitoe," akasema, "mti huu aliuacha kaka yangu. Kaka yangu aliacha mtoto mmoja wa kiume. Mtoto huyo ana nini? Ana wageni watatu. Wazuri, wana adabu, Mungu awalinde huko waendako. Lakini nani atamimina hapa sisi tukilala? Mwanetu ameniambia tufanye tutakavyoona. Na mimi nimeona."

Laurinda alitoka jikoni na chungu kidogo. Hakuna aliyeshangaa. Mkwe wa nyumba hupita na chungu wakati wowote. Akapiga magoti mbele ya Shangazi, taratibu kwa sababu ya tumbo, akachota, akanyanyua kata kwa mikono miwili.

"Koo limekauka, shangazi. Kunywa kwanza."

Shangazi, aliyekuwa amechangamka, alipokea na kunywa palepale. Akalamba midomo, akanywa tena. "Huu mtamu," akasema. "Huu si wa Fabiani, wa Fabiani una ukali. Umesahau kuutaja, mwanangu. Ni wa mti gani?"

"Ni wa Dume."

Mtu mmoja alicheka, akaona yuko peke yake, akaacha.

"Dume lipi?"

"La uani, shangazi. Tunalo moja tu."

Mke wa mwalimu alikuwa kwenye mkeka wa pili, mwanawe wa kiume mapajani. Akamtazama mtoto, akatazama nyuma ya jiko, akamtazama tena mtoto. "Jamani," akasema polepole, "mimi huyu nimemnywea lile."

Mzee Mbalati alikohoa. "Dume linazaa tangu lini?" akauliza, na hakumuuliza Laurinda. Alimgeukia mwenye panga.

Watu wote wakageuka naye. Binti Chauke alikuwa amekaa wima kwenye mkeka wake, mikono mapajani. Shangazi akamnyooshea njia ya kutokea, maana walikuwa mawifi wa siku nyingi. "Huyu anatutania, wifi. Amechuma kwa jirani huko. Sema neno moja tu, tuendelee."

Neno moja lilitosha. Laurinda alilijua, na bado alikuwa amepiga magoti, mgongo unamuuma, kata imerudi mikononi mwake. Alijua mama mkwe wake anaogopa kuchekwa kuliko anavyoogopa kufa. Akaiegemeza kata kwenye tumbo.

"Nipe," alisema binti Chauke.

Alikunywa yote bila kushusha, kama anavyowaambia wagonjwa wake wanywe. "Wa Dume," akasema, akageuza kata juu chini. "Ni kweli. Nilikosea mti."

Kisha mnong'ono ukaanza kwenye mikeka, ukapanda kwenye viti, na kicheko kikawa ndani yake. Shemasi alisikika akisema, "Kumbe wangu alikuja kwa ubishi tu." Mzee Mbalati alitazama chini kwa heshima, mabega yakimcheza. Bibi aliwaacha wamalize. Uso wake ulikuwa kama wa mtu anayesubiri mvua ipite.

Shangazi hakuwa na muda wa kucheka. "Basi mambo ndiyo mabaya zaidi," akasema. "Kama gome lilikuwa la jike, huyo aliyemo ni mgeni wa nne. Na miezi imebaki miwili. Kinu kile si cha dume la zizini? Kikwanguliwe, achemshiwe, anywe asubuhi na jioni. Labda tutawahi."

"Sinywi kinu," alisema Laurinda.

Aliyasema bila kuinua sauti, lakini mkwe hasemi hivyo mbele ya viti. Shangazi akafungua mdomo. Binti Chauke akamtangulia.

"Hanywi," akasema. "Wifi, kaa. Umesema wageni. Mimi ndiye niliyelianzisha neno hilo, usinichukulie. Sasa nisikilize. Panga langu, mkono wangu, sufuria yangu. Miaka yote nilisimama pale kila asubuhi namwita msichana, na msichana akaja. Nikaita tena, akaja mwingine. Nikawauliza kwa nini mmekuja." Akaiweka kata chini. "Mgeni uliyemwita mwenyewe humuulizi amefuata nini. Unamkaribisha ndani."

"Zefania ataamua," alisema Shangazi akikaa. "Atazaa, tutaona, Zefania ataamua."

Hilo halikupingwa na mtu. Kata zikaanza kuzunguka tena, na wengi waliomba wa Dume, mpaka chungu kikaisha.

Walipokuwa wanaosha vyombo Laurinda alisema, "Nisamehe, mama. Nimekuaibisha."

"Siku tatu nanusa dirishani kwako," alisema bibi. "Ningetaka kukimwaga ningekimwaga." Akasugua sufuria moja muda mrefu. "Ila sukari ulitia?"

"Sikutia."

"Basi ni mti mzuri."

* * *

Mtoto alizaliwa wiki ya Pasaka. Binti Chauke alikuwepo zahanati, amekaa kwenye benchi tangu asubuhi, na muuguzi alipomletea kifurushi hakuuliza swali ambalo watu huuliza. Alifunua mwenyewe, akatazama, akafunika. Alikaa kimya muda mrefu hata Laurinda, kitandani, akaona vyumba viwili vya matofali vinaondoka na bati lake.

Siku ya tatu, nyumbani, simu ya Zefania iliita. Shangazi alikuwa amekwisha kuja na kukaa kivulini, mfuko wa kitambaa cha bluu pembeni yake. Laurinda alinyonyesha mlangoni. Alinyoosha mkono aipokee simu, mama mkwe akawahi.

"Mama," sauti ya Zefania ilisikika mpaka nje, maana bibi huweka simu mbali na sikio. "Nimesikia Laurinda amejifungua."

"Amejifungua."

"Amezaa nani?"

"Amenizaa mimi."

Shangazi Ntavasi, aliyeelewa kabla ya mpwa wake, aliuvuta mfuko wake karibu. Huku kwetu aliyepewa jina lako ni wewe. Baba mwenyewe akirudi safari humpigia magoti mtoto wa siku tatu na kumwita mama.

"Mama, unasema jina lako umempa?"

"Nimempa. Leo asubuhi, mbele ya mti. Ni Felismina. Nina kilo tatu, nimenyonya, natazama jua. Sasa shangazi yako yuko hapa na mapazia, anataka huyu aliyenizaa atolewe nyumba ya matofali apelekwe kibandani, pamoja na mimi mgongoni. Nimemwambia mwenye nyumba yuko mbali, ngoja tumuulize. Mama yako alale wapi, Zefania?"

Upande wa pili kulisikika mashine ya kuchanganya zege, na watu wanaitana. Zefania alipumua. Laurinda aliacha kumtazama mtoto, akaitazama ile simu.

"Fanyeni mtakavyoona, mama," alisema Zefania.

"Tumeshaona," alijibu binti Chauke, akakata.

Alimrudishia Laurinda simu, akajishika kiuno, akaanza kwenda jikoni na magoti yake mabovu. Karibu na Shangazi alisimama, akapapasa kile kitambaa kwa vidole viwili, akasema ni kizuri, kitafaa kubebea mtoto. Akaenda. Mlangoni pa jiko akageuka.

"Watoto wameshakula?" akauliza.